Kibao cha chini ya pua: magari ya mfereji na unyevu wa ziwa

Mfereji wa barabara yetu ya magari madogo ya mchezo ulikuwa na upana wa milimita 3.2 siku ulipokatwa. Ndiyo inchi moja ya nane, saizi ya biti ambayo wajenzi wengi wa barabara za mbao za mchezo huu huitumia, na fundi wetu aliifuata hivyohivyo. Ukija na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na unene, mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika na kuta za karakana zimelowa, utasoma 3.0 kwenye kona ya dirishani. Ukirudi mwezi wa nane utapata 3.1 na ushee. Ubao wa MDF, ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, unakunywa unyevu, hasa pale ulipochanwa, na unyevu hapa kwetu Kirumba, Mwanza, hauadimiki. Mwaloni, soko la samaki la ziwani, ni dakika chache kwa miguu, na upepo ukigeuka tunajua dagaa wameanikwa bila kutoka nje.

Naanza na vipimo hivyo kwa sababu karibu kila ninachotaka kusema kinatoka humo. Mtu akinunua gari dogo la mfereji, hela yake inakwenda kwenye mota na bodi. Atauliza mota inazunguka mara ngapi kwa dakika, atauliza kama ile Porsche inawaka taa. Kile kipande cha plastiki chini ya pua hakiulizii, na ndicho peke yake kinachoshika barabara.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo: ni magari ya umeme, ya kwetu ni ya kipimo cha 1/32, maana yake gari halisi la mita nne na nusu linakuwa na urefu wa sentimita kumi na nne hivi. Barabara ina leni, kila leni ina mfereji katikati, na pembeni mwa mfereji kuna mikanda miwili ya shaba inayopitisha umeme wa volti 12. Dereva anasimama kando na kontrola mkononi. Anaweza kuongeza mwendo na kupunguza, basi. Usukani hana. Kazi ya usukani inafanywa na kibao kilichoning'inia chini ya pua ya gari, kinachozama ndani ya mfereji na kuzunguka kwenye mhimili wake. Kibao hichohicho kimebeba nyuzi mbili za shaba zilizosukwa, zinazoburuta juu ya ile mikanda na kupeleka umeme kwenye mota. Kwa hiyo kikiwa kibovu unapoteza vyote viwili kwa pamoja, usukani na umeme.

Magari haya yana umri. Mwingereza Fred Francis alitoa ya Scalextric mwaka 1957, na miaka ya 1960 Marekani ilijaa kumbi zenye barabara kubwa za mbao ambako watu walilipa kwa muda waliocheza. Kwangu yaliingia kwa sanduku lililoletwa na shemeji kutoka Uingereza, la barabara za plastiki za kuunganisha. Barabara ya mbao tuliyonayo sasa, leni nne, ilikuja baadaye, tulipokuwa tumepatikana watu wa kutosha kugawana gharama. Umeme wake unatoka kwenye betri ya sola. Ilianza kama dawa ya kukatika kwa umeme, lakini hata umeme ukiwepo siku hizi hatubadilishi, kwa sababu betri inatoa volti zilizotulia kuliko chaja yoyote tuliyowahi kufunga pale. Ila usithubutu kuunganisha betri bila fyuzi. Betri kubwa ikipigwa shoti haikati yenyewe, inachoma waya hadi uone moshi. Kila leni yetu ina fyuzi yake ndogo, zilezile za magari.

Sasa kuchagua. Vibao vinauzwa vya aina nyingi na kwenye picha vinafanana. Cha kwanza cha kutazama ni mhimili. Kuna familia ya Kimarekani, hasa ya magari makubwa ya 1/24, yenye mhimili wenye nyuzi za skrubu unaofungwa kwa nati juu ya chasisi, na unene wake ni inchi tatu za kumi na sita, yaani milimita 4.76. Magari mengi ya 1/32 yana mhimili wa namna nyingine, unaobanwa kwa skrubu au kusukumwa tu hadi ukashika. Hizi familia haziingiliani. Nimeona mtu akipanua tundu la chasisi kwa moto wa pasi ya kulehemu ili kibao kigeni kiingie. Kiliingia, na tangu hapo gari lile halikusimama sawa. Pima tundu lako kwanza, ndipo uagize, maana kifurushi kinachotoka Ulaya kikishafika Dar bado kina safari ya basi kuja huku, na hakuna wa kumrudishia.

Cha pili ni kina. Barabara za plastiki za dukani zina mfereji wa kina kifupi, na vibao vinavyokuja na magari yake vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Ukivileta kwenye barabara ya mbao vinashika juujuu tu, na gari likipanda kidogo kwenye kona linachomoka. Watengenezaji kama Slot.it wana kibao maalumu cha barabara za mbao, kinachozama zaidi. Kinyume chake nacho ni tatizo: kibao kirefu cha mbao kwenye barabara ya plastiki kinakanyaga sakafu ya mfereji, pua inanyanyuka, nyuzi zinaacha kugusa shaba na gari linaanza kukatakata umeme. Mfereji wetu una kina cha milimita 9. Vibao vyetu tunavipunguza hadi 8. Hiyo milimita moja inayobaki chini si ya urembo, nitaieleza nikifika kwenye wadudu.

Cha tatu ni urefu na unene, na hivi viwili huwezi kuvitenganisha. Hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi, kwa hiyo nivumilie.

Kibao kimenyooka. Mfereji wa kona umepinda. Kitu kilichonyooka kikiingia kwenye mpindo, tumbo lake linagusa ukuta wa ndani na ncha zake mbili zinagusa ukuta wa nje. Kinahitaji nafasi zaidi ya unene wake, na nafasi hiyo unaweza kuikadiria kwa kalamu: chukua urefu wa kibao, uzidishe kwa wenyewe, halafu ugawe kwa nusu kipenyo cha kona kilichozidishwa mara nane. Kona yetu kali kuliko zote, leni ya ndani, ina nusu kipenyo cha milimita 200. Kibao cha milimita 25 kinatoa 625 gawanya kwa 1,600, karibu 0.4. Kwenye mfereji wa 3.2, basi, kibao hicho hakitakiwi kuzidi unene wa 2.8. Mfereji huohuo ukivimba hadi 3.0, mwisho wako ni 2.6. Ukichukua kibao cha milimita 20, nafasi inayotakiwa inashuka hadi 0.25, na unaweza kubaki na unene wa 2.75 hata wakati wa masika.

Hesabu hiyo ilimaliza ubishi uliokuwa umetuchosha. Gari moja lilikuwa linakwenda vizuri leni ya nje na kufa leni ya ndani, kona ileile ya dirishani. Mwenye gari alishabadilisha tairi, akabadilisha gia, akaagiza mota nyingine. Tulipolibeba gari mkononi na kulipitisha pale polepole, mota haina umeme, ulisikia kabisa kwenye vidole linavyobanwa. Kibao chake kilikuwa kirefu na kinene, kipya kabisa kutoka kwenye pakiti. Mota ilikuwa inapigana na ubao.

Suluhisho rahisi lingekuwa kukondesha kibao chote. Ubaya wake unauona kwenye barabara iliyonyooka: kibao chembamba sana kinacheza ndani ya mfereji, pua inatikisika kushoto na kulia, na ukifika kwenye kona gari linaingia likiwa limeshaelekea kwingine. Ninachofanya mimi ni kuacha unene katikati na kukondesha ncha tu, mbele na nyuma, kwa milimita nne hadi tano kila upande. Kwenye mnyooko, ile sehemu nene ya katikati inashika. Kwenye kona, ncha zilizokondeshwa hazifiki ukutani, na kibao kinajiendesha kana kwamba ni kifupi.

Kazi yenyewe naifanyia juu ya kipande cha kioo cha dirisha, kwa sababu meza yoyote ya mbao utakayoniambia imenyooka nitakuonyesha kuwa haijanyooka. Nabandika msasa wa 400 juu ya kioo, naudondoshea maji yenye sabuni kidogo. Kabla ya msasa napitisha wembe kwenye ule mshono unaoachwa na kalibu kiwandani. Uko pande zote za kibao, mwembamba, na usipoutoa ndio utakaokwaruza mfereji. Kisha nalaza kibao, naweka kidole kimoja katikati, navuta kwa urefu wake. Kidole kikienda kwenye ncha, ncha inaliwa na kibao kinapinda, hutakigundua mpaka ukiangalie dhidi ya mwanga. Viboko vichache upande mmoja, vichache upande wa pili, kalipa. Tena. Maji yanageuka maziwa, unayafuta, unaanza upya. Nikikaribia kipimo nahamia msasa wa 600, halafu wa 1000, na mwisho dawa ya meno kwenye kitambaa cha jinzi. Kibao kikitoka hapo kinateleza hata kwenye ukucha. Kona ya chini ya mbele naiviringa kwa tupa ndogo. Kuna sababu mbili: mfereji una viungo, na kona kali ya kibao hukwama hapo, halafu gari likichomoka, mtu wa kulirudisha anapata mlango wa kuingilia haraka badala ya kutafutatafuta mfereji wakati wenzake wanazidi kuzunguka.

Kabla sijafunga kibao kwenye gari, nakitembeza peke yake kwa kidole katika leni zote nne. Kikikwama natia alama ya penseli barabarani. Alama zikiwa nyingi, kibao bado kinene. Alama ikiwa moja mahali pamoja, tatizo ni la mfereji, na hapo nachukua ubapa wa msumeno wa chuma, naukunjia msasa, nasugua ukuta wa mfereji mpaka kibao kipite. Vijana wanapenda kuruka hatua hii. Wanaona ni kucheza na kidole. Lakini ukishafunga kibao kwenye gari, ukapachika nyuzi na waya, huwezi tena kujua ni kipi kinachokuzuia.

Habari ya mfereji kuvimba tulipewa dawa na mtu ambaye hata mchezo wenyewe anauona wa kitoto. Ni mzee mmoja anayeunda mitumbwi, jirani wa karakana, huwa anapita kuazima vifaa. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka kichwa chake karibu na ubao, akapitisha ukucha mferejini.

“Mwanangu, hii mmeipaka rangi juu, ndani mmeuacha mtupu.”

“Mzee, ndani hakuonekani.”

“Maji yanatafuta panapoonekana? Mtumbwi gani unapakwa juu tu?”

Alikuwa sahihi kabisa. Uso wa MDF umeshindiliwa na unahimili. Pale ulipochanwa ndipo nyuzi za mbao zimebaki wazi, na ndipo unyevu unapoingilia. Tulichanganya vanishi na tina mpaka ikawa nyepesi ya kufyonzwa, tukaipaka ndani kwa brashi ya rangi za maji za watoto, tukaacha ikauke, tukasugua, tukarudia. Ikiwa nzito itajaza mfereji na umerudi ulikotoka. Sehemu zilizopakwa sasa zinabadilika kidogo sana kati ya masika na kiangazi. Kona ya dirishani haijapakwa bado. Tunasubiri ubao ukauke vizuri, kwa sababu ukipaka vanishi juu ya ubao uliolowa unaufungia unyevu ndani.

Kuna waliosema tatizo ni vibao vyenyewe, kwamba nailoni nayo inanyonya maji. Ni kweli inanyonya. Lakini kibao cha unene wa milimita mbili na nusu kikivimba hata kwa asilimia moja ni sehemu mbili au tatu za mia za milimita. Kalipa yangu yenyewe haiaminiki kwa kiwango hicho. Mwenye lawama ni ubao.

Nyuzi za shaba. Hapa watu wengi huzikunja kwa nguvu zielekee chini wakidhani zikibonyeza sana zitapata umeme zaidi. Zinapata, halafu zinakinyanyua kibao kutoka mferejini. Gari la kwetu lina uzito wa gramu themanini au tisini hivi, na sehemu inayokaa juu ya pua ni ndogo. Nyuzi mbili ngumu zinatosha kabisa kulibeba. Kipimo changu: liweke gari barabarani, bonyeza pua kwa kidole mpaka kibao kizame chote, halafu achia taratibu. Pua ikipanda, nyuzi ni ngumu mno au zimekunjwa mno. Nachagua nyuzi nyembamba na laini, nazichanua ncha kwa sindano ili zilale bapa, nazikata zifikie mwisho wa kibao zisipite. Zikipita zinajikunja chini ya tumbo la gari. Zikichakaa, vijiuzi vinatoka pembeni, kimoja kinavuka mfereji, kinagusa mkanda wa pili, na fyuzi imekwenda. Ukiona cheche za buluu chini ya pua usiku taa zikiwa hafifu, usizifurahie.

Mimi kwa kazi ni fundi simu, kwa hiyo kulehemu hakunisumbui, lakini kwenye hizi nyuzi naogopa risasi ya kulehemu kuliko kitu kingine. Risasi iliyoyeyuka inapanda ndani ya nyuzi zilizosukwa kwa kasi, na ikipoa, sehemu iliyotakiwa kujikunja inakuwa kijiti. Mimi nalehemu waya kwenye klipu tu, na nyuzi nazibana kwa klipu. Waya wenyewe uwe ule wa silikoni, wenye nyuzi nyingi ndogo ndani, na uwe na urefu wa kuruhusu kibao kugeuka mpaka mwisho pande zote mbili. Waya mgumu au mfupi unakivuta kibao upande mmoja. Barabarani hutauona, kwa sababu mfereji unakilazimisha kunyooka. Utauona gari likiwa mkononi, kibao kinapogoma kurudi katikati. Kwenye kona nguvu hiyo ya waya inajumlishwa na nyingine zote. Na ukiwasha gari likarudi nyuma, usishangae, umebadilishana waya wa kushoto na wa kulia.

Urefu wa pua kutoka barabarani unarekebishwa kwa washa nyembamba kati ya kibao na chasisi. Za kununua zipo, za shaba na za plastiki, kuanzia sehemu moja ya kumi ya milimita. Zetu zinatoka kwenye chupa za maji ya kunywa. Ukikata ubavu wa chupa, sehemu iliyo bapa, unapata plastiki ya karibu robo milimita. Zinatofautiana, kwa hiyo pima. Toboa kwa mashine ya kutobolea karatasi, kata duara kwa mkasi kulizunguka tundu, una washa. Lengo ni kibao kizame mpaka bamba lake la juu likalie nyuzi, na nyuzi zikalie shaba, chasisi ikiwa sambamba na barabara. Washa ikizidi, pua inakuwa juu na matairi ya mbele yanaelea. Ikipungua, matairi ya mbele yanabeba gari na kibao kinaning'inia.

Matairi ya mbele yaguse au yasiguse? Hapa hatuelewani na sidhani tutaelewana. Mimi ninataka yaguse kwa shida, kiasi kwamba karatasi ya daftari inapita chini yake kwa kukwaruza. Yakielea kabisa, gari linaegemea kibao peke yake, na kwenye kona linapinduka kuelekea nje mapema. Dada mmoja anayeendesha leni ya buluu, ambaye kwa kweli anatupiga karibu wote, anayaacha yaelee. Nikimuuliza anacheka, “Kaka, wewe unapima, mimi naendesha.” Mkono wake ni mwepesi, anaachia kontrola kabla ya kona wakati sisi tunaachia ndani ya kona, na gari lake halifiki kwenye ile hali ambayo tairi la mbele lingehitajika. Kwa hiyo jibu lake ni sahihi kwa mkono wake. Kwa anayeanza, nitaendelea kumwambia yaguse.

Nilisema nitarudi kwa wadudu. Kuna vipindi wadudu wadogo wa ziwani hutoka majini kwa makundi makubwa, unayaona yamesimama juu ya maji ukiwa Capri Point, na upepo ukiyaleta nchi kavu, jioni hiyo kila taa ya mji ina wageni. Karakana yetu ina taa nne juu ya barabara. Wanakuja, wanagonga taa, wanaanguka, wanajaa mferejini. Gari la kwanza likipita linawasaga. Kinachobaki ni uji mwembamba unaoganda chini ya mfereji na kupanda kwenye nyuzi, na baada ya mizunguko michache magari yote yanapunguza mwendo kwa pamoja, watu wanaanza kuilaumu betri. Ndiyo sababu ya ile milimita moja chini ya kibao: uchafu upate pa kukaa bila kukinyanyua. Tunafuta nyuzi kwa mswaki wa zamani na spiriti, mikanda ya shaba kwa kitambaa chenye spiriti, na mfereji kwa brashi nyembamba kabla ya kila raundi. Shaba ya hapa inageuka rangi haraka hata bila wadudu, kwa hiyo kitambaa hakikosekani mezani. Baadhi yetu tunapaka nyuzi mafuta ya cherehani, kiasi cha kulowesha ncha ya kidole. Zaidi ya hapo unavuta vumbi.

Siku za wadudu wengi tunazima taa za juu na kuacha moja nje ya mlango iwavute. Inasaidia kiasi.

Kibao kinakwisha. Ukikitazama kwa kioo cha kukuza baada ya miezi ya kucheza, utaona upande mmoja umelika zaidi. Barabara yetu inakwenda kisaa, kona nyingi ni za kulia, gari linasukumwa kushoto, na ukuta wa kushoto wa mfereji ndio unaosugua. Kikishakuwa hivyo hakirudishiki. Ukikisawazisha kinakuwa chembamba mno. Ninakihamishia kwenye gari la mazoezi la watoto na kuandaa kingine. Nikiagiza, naagiza vitatu vya aina moja kwa pamoja, naviandaa vyote siku moja, nikishaweka kioo na msasa mezani.

Bei ya kuagiza ndiyo iliyonipeleka kwa fundi wa mashine ya kukereza, wale wanaochonga bushi za nailoni za magari. Nilimpelekea kibao cha kuigwa. Alikigeuzageuza, akauliza ni cha gari gani, nikamwambia Ferrari, akanitazama muda. Kuchonga mhimili wa duara kwake si kazi, anaufanya akiwa anaongea na simu. Kinachomsumbua ni bamba la chini, kwa sababu mashine yake inazungusha, na bamba ni kitu cha mraba. Tumekubaliana achonge mhimili na kichwa chake tu, na kukata ufa wa milimita 2.6 chini yake. Bamba nitakata mwenyewe kutoka kwenye ubao wa plastiki wa jikoni, nilipachike kwenye ufa na kulifunga kwa pini ya shaba inayopita upande hadi upande, kwa kuwa plastiki ya aina hiyo haishiki gundi. Cha kwanza kilitoka na mhimili uliolala kidogo upande, na kibao kilichoinama kinagusa ukuta mmoja juu na mwingine chini hata kwenye mnyooko. Amesema atatengeneza kishikio cha kukatia ufa ili usiende upande. Amenitaka nimletee chasisi yenyewe safari ijayo, aone tundu kwa macho yake.